Mafuta yaliyojificha ndani ya unga: kisa cha familia ya Mombasa katika nyumba ya wageni ya shambani, Sardinia

Kwa nini nakiandika

Mimi ni wakala mdogo wa safari. Wateja wangu wengi ni familia za pwani ya Afrika Mashariki zilizohamia Uingereza. Kisa hiki kilianza na kosa langu mwenyewe, na nakiandika kwa ajili ya mawakala wenzangu na kwa yeyote anayefikiria kuwapeleka wazazi wake kulala nyumbani kwa watu, mbali na hoteli. Majina, kijiji na mwaka nimeviondoa. Wageni wamesoma na kukubali. Mwenye nyumba amesomewa na mwanawe.

Wageni, na nyumba waliyoifikia

Walikuwa watano: mume, mke, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mzazi wa mke, mjane wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Mombasa. Nitamwita Bi Mkubwa, kama nilivyomzoea. Binti yake hakutaka hoteli ya ufukweni. Alisema mama amekulia karibu na bahari, hana haja ya kuonyeshwa maji. Afadhali aone milima, mifugo na watu wakifanya kazi zao.

Nikawachagulia Sardinia, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Mediterania baada ya Sicily. Kisiwa hicho kina watu kama milioni 1.6 na kondoo takriban milioni 3, kwa hiyo ukiondoka ufukweni na kupanda milimani upande wa mashariki, unaingia katika nchi ya wachungaji. Nyumba niliyopata ni ile ambayo Waitalia huiita agriturismo: shamba la familia lenye vyumba vichache vya wageni na meza ya chakula. Jina hilo si pambo la biashara. Sheria Na. 96 ya 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, inataka mwenyeji awe mkulima au mfugaji kweli, na ukulima ubaki kuwa shughuli kuu. Wageni ni nyongeza. Chakula nacho kinatakiwa kitokane kwa sehemu kubwa na shamba lenyewe na mashamba ya jirani.

Wengi hatusomi kipengele hicho cha mwisho, ingawa ndicho kinachoamua kila kitu. Katika nyumba ya namna hii hakuna orodha ya vyakula ya kuchagulia. Unakula kilichopo, na kilichopo ni kondoo, jibini, bustani ya mboga, na nguruwe aliyechinjwa majira ya baridi.

Nililipa arubuni ya thelathini kwa mia, kwa usiku sita, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kwenye barua pepe niliandika kwa Kiitaliano cha kuungaunga: wageni ni Waislamu, *niente maiale, niente alcol*, yaani nguruwe hapana, pombe hapana. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, maneno mawili: *nessun problema*. Hakuna tatizo. Nikaridhika, nikafunga faili.

Usiku wa kwanza

Ndege ilitua Olbia jioni, wakachukua gari la kukodi, wakaendesha zaidi ya saa mbili katika barabara ya kona. Walifika saa tatu na nusu usiku, watoto wamelala. Jambo la kwanza mwenye nyumba aliomba pasipoti zote, akaondoka nazo.

Bi Mkubwa hakupenda hata kidogo. Alikuwa na pasipoti ya Kenya yenye viza aliyoipata kwa taabu, na katika ukoo wake kuna watu waliokwenda kufanya kazi Ghuba wakanyang'anywa pasipoti na waajiri. Alikaa mlangoni hadi ziliporudishwa. Kumbe mwenyeji alikuwa anatekeleza kifungu cha 109 cha sheria ya usalama wa umma ya mwaka 1931, ambacho bado kinatumika: kila anayelaza wageni lazima awaandikishe kwa polisi ndani ya saa 24. Mwenye hoteli hufanya hivyo mapokezi, mbele ya kompyuta, nawe huoni ajabu. Huyu mama kompyuta yake ilikuwa chumbani kwake. Ningemweleza Bi Mkubwa mapema kwa sentensi moja, asingesimama mlangoni dakika ishirini.

Meza ilikuwa imeandaliwa. Kulikuwa na *pane carasau*, mikate myembamba mikavu inayovunjika kama kaukau, ambayo wachungaji walikuwa wakienda nayo malishoni kwa wiki nyingi. Kulikuwa na zeituni, jibini la kondoo, na ubao wa soseji kavu zilizokatwakatwa. Mke alipozionyesha kwa kidole, mama mwenye nyumba alijipiga paji la uso, akaziondoa, akaacha jibini lililokuwa juu ya ubao uleule. Zikafuata *malloreddus*, tambi nene fupi za huko, ambazo kwa kawaida huliwa na mchuzi wa soseji. Yeye alikuwa amewapikia za nyanya tupu. Badala ya mtoto wa nguruwe wa kuchoma, fahari ya meza zote za kisiwa kile, alileta mwanakondoo. Mume alikula, kwa msimamo kwamba nyama ya Watu wa Kitabu inafaa. Bi Mkubwa hakuigusa. Hapo hapakuwa na ugomvi. Kila familia ya Kiislamu inayoishi Ulaya inaujua mgawanyiko huo wa mezani.

Mwisho zikaja *seadas*: maandazi makubwa bapa ya kukaanga, ndani jibini bichi lenye ganda la limau, juu asali ya moto. Bi Mkubwa alikula moja, akaomba ya pili.

Kopo la mafuta meupe

Asubuhi ya pili mke aliingia jikoni kuomba maji ya moto ya chai. Mama mwenye nyumba alikuwa anakanda unga, na kando yake kulikuwa na kopo la mafuta meupe yaliyoganda. Mke akauliza ni nini, kwa mazungumzo tu. *Strutto*. Akaliandika neno kwenye simu. Mafuta ya nguruwe.

Unga ule ulikuwa wa seadas. Mafuta hayo hukandwa ndani ya ngano ngumu ili ganda litoke laini na kuachana tabaka tabaka, na ndiyo njia ya zamani ya kuzitengeneza katika kisiwa kizima.

Alinipigia simu akiwa nje, karibu na zizi. Kabla sijamjibu, simu ilichukuliwa na mumewe. "Dada, tutafutie hoteli Olbia. Leo hii." Nikaomba kuongea na Bi Mkubwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nimekula haramu, na nikaomba nyongeza."

Kidini nilijua, na yeye alijua zaidi yangu, kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Lakini halikuwa swali la fiqhi. Siku ile nzima alikula mkate mkavu na machungwa, akanywa chai aliyoichemsha mwenyewe.

Njia tatu zilizokuwepo

Kuhama kulikuwa rahisi kuliamua na ghali kulitekeleza: arubuni ingepotea, na hoteli ya pwani kwa usiku mitano ingegharimu karibu mara mbili. Tena nilihofia kwamba wangeondoka na hasira, nao wenyeji wangebaki hawajui wamekosa nini, na mgeni wa Kiislamu atakayefuata angelishwa vilevile.

Njia ya pili ilikuwa kubaki lakini wajipikie. Vyumba havikuwa na jiko. Duka lilikuwa kilomita tisa. Bucha za halali ziko mijini. Cagliari kuna jamii za Wamorocco na Wasenegali wenye maduka yao, lakini kutoka pale mlimani ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi.

Nikachagua ya tatu: kusema na jikoni, safari hii kwa majina ya viungo. Nilikaa saa mbili nikiandika kwa Kiitaliano orodha ya kila mahali ambapo nguruwe au pombe huingia bila kuonekana katika mapishi ya kule. *Strutto* kwenye unga. *Lardo*, mafuta mazito ya mgongoni, kwenye supu ya maharage. Soseji kidogo "ya kuonjesha" kwenye mchuzi. Divai kwenye nyama ya kukausha sufuriani. Kikombe cha *mirto*, pombe ya matunda ya mti wa mirto, kinachowekwa mezani baada ya chakula kama sisi tunavyoweka kahawa.

Nikaongeza *caglio*, kile kinachogandisha maziwa kuwa jibini. Baadhi ya majibini makuu ya kondoo ya Sardinia, kama Fiore Sardo ambalo jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1996, hugandishwa kwa kitu kinachotolewa tumboni mwa mwanakondoo au mwanambuzi anayenyonya. Je, ni halali kama mnyama hakuchinjwa Kiislamu? Wanazuoni wamehitilafiana, na Washafii, ambao ndio wengi pwani kwetu, wana msimamo mkali kuliko Wahanafi. Si kazi ya wakala kutoa fatwa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha wanajua. Mume na watoto waliendelea kula jibini. Bi Mkubwa aliliacha, akaacha na rikota alipoelezwa kwamba inatokana na maji yanayobaki baada ya jibini lilelile kuganda.

Orodha ilipelekwa kwa mama mwenye nyumba kupitia mwanawe wa miaka kumi na saba, mwenye Kiingereza cha shuleni. Majibu yalikuja kwa mshangao wenye uchungu kidogo: mlisema hamli nguruwe, mimi sikuwapa nguruwe, niliwapa mkate. Halafu akasema anaweza kukanda kwa mafuta ya zeituni, ila wasimlaumu ganda likiwa gumu. Akaosha sufuria zote upya, mbele yao. Tukashangaa kidogo kwa ukali ule wa kuosha. Sababu yake tuliijua baadaye.

Siku ya tatu Bi Mkubwa mwenyewe aliingia jikoni. Alimwambia binti yake, nusu kwa mzaha, kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na kama hakupewa atalitafuta. Hawakuwa na lugha ya pamoja, ila unga ni unga. Alisimama pale akiona kila kitu kinachoingia sufuriani, na jioni alikula.

Siku ya kukata manyoya

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, siku ambayo nyumba ile ilikata manyoya ya kondoo wake. Hufanywa mwishoni mwa majira ya kuchipua, kabla ya joto. Wachungaji wa mazizi ya jirani huja kusaidia bila malipo, nawe huenda kwao zamu yao ikifika; malipo ni chakula cha mchana. Wageni walialikwa. Mume aliniuliza kama waende. Nikamwambia waende, kwani kukataa mwaliko wa siku kama ile ni kumkataa mtu.

Hapo ndipo kosa la pili lilipotokea, na hili nalo ni langu.

Jikoni palikuwa pamejiandaa: mchuzi wa nyanya, mayai, maharage bila mafuta ya mgongoni. Bi Mkubwa alikuwa amekaanga mahamri kwa iliki aliyosafiri nayo. Yalitoka magumu, kwa sababu ngano ya kule ni ngumu na tui hapakuwepo, lakini wanaume waliyapaka asali wakayamaliza, wakisema ni ndugu wa maandazi yao ya wakati wa kanivali.

Ila moto wa nje haukuwa wa mama mwenye nyumba. Ulikuwa wa shemeji zake. Walikuwa na watoto wawili wa nguruwe na mwanakondoo mmoja, kila mmoja kwenye chuma chake, wamesimamishwa kando ya makaa. Mwanakondoo alikuwa kwa ajili ya wageni. Mume alikuwa amesimama karibu, anapiga picha, alipomwona mmoja wao akichoma kipande cha mafuta ya nguruwe mpaka kikashika moto, kisha akawadondoshea wanyama wote watatu matone yanayowaka, ili ngozi ikauke na kung'aa. Ni ufundi wa zamani, wenye heshima yake. Hakuna aliyewaambia chochote. Karatasi yangu ilibaki jikoni, na jikoni ni kwa wanawake.

Mume hakula. Hakueleza sababu, na sahani yake tupu ilionekana na watu zaidi ya ishirini. Mama mwenye nyumba akaja, akamwuliza mke kwa simu ya kutafsiria: ugonjwa wa mama yako ulianza lini?

Mke hakuelewa. Ugonjwa gani?

Basi ndipo ilipobainika. Yule kijana, alipotafsiri orodha yangu, aliona ni vigumu kumweleza mama yake habari za haramu, akafupisha: wageni wana mzio wa nguruwe. Ndiyo maana sufuria zilioshwa kwa ukali ule. Mke akamwambia ukweli, kwamba si ugonjwa, ni dini. Mama mwenye nyumba alimtazama mwanawe, kisha akamjibu mke kwa maneno ambayo simu iliyatafsiri vizuri kabisa: kwa nini hamkusema? Sisi nasi Ijumaa Kuu hatuli nyama.

Walivyomaliza

Walikaa usiku zote sita. Jioni ya mwisho zililetwa seadas za mafuta ya zeituni. Ganda kweli lilikuwa gumu. Bi Mkubwa hakuzila, kwa ajili ya jibini, lakini alipeleka mkono kwenye asali.

Mume aliandika maoni mtandaoni, nyota tatu kati ya tano, akataja mafuta ya nguruwe bila kumtukana mtu. Wenyeji waliumia, wakaniandikia. Mwenzangu mmoja wa kazi alinishauri nimwombe mteja ayafute. Sikumwomba. Maneno yake yalikuwa kweli, na mgeni Mwislamu au Myahudi atakayeyasoma atajua la kuuliza. Nimepoteza nyumba ile kama mshirika kwa msimu mmoja. Msimu uliofuata walinijibu tena.

Uchambuzi

Barua yangu ya kwanza ilitaja mnyama. Katika nyumba inayochinja nguruwe wake kila baridi, mnyama yule akishachinjwa hugawanyika kuwa vitu vingi vyenye majina yao, na neno *maiale* hubaki kwa ile nyama inayoonekana sahanini. Mama yule hakudanganya aliposema hakuna tatizo. Alijibu swali nililouliza. Sitashangaa ukimwambia mpishi wa Lamu kwamba huli nazi, akakuondolea kashata, kisha akakupikia wali wa tui. Tui kwake si nazi, ni maji ya kupikia.

Wapo wanaoshauri: sema mzio, Wazungu wanauogopa mzio. Kijana aligundua njia hiyo peke yake, na kwa siku mbili ilifanya kazi vizuri kuliko barua yangu. Bado naipinga. Kwanza, Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1169 ya 2011 inataja vitu 14 vya mzio ambavyo muuza chakula lazima avitangaze, na mafuta ya nguruwe hayamo. Anayesoma alama za mzio akidhani zitamlinda, hazitamlinda. Pili, uongo huo ulimnyima mwenyeji jambo ambalo angelielewa haraka kuliko sote. Alikuwa Mkatoliki wa kijijini anayejua kufunga. Angewaelezea shemeji zake kwa sentensi moja, na moto ungetengwa. Ugonjwa aliuona ni siri ya wageni, akaitunza, na ndiyo maana habari haikutoka jikoni.

Kumtumia mtoto wa nyumba kama mkalimani kulikuwa kosa ninaloliona wazi sasa. Mtoto hatafsiri maneno tu, anamlinda mama yake asiaibike. Orodha ilikuwa kwa Kiitaliano tayari. Ilitosha mke ampe mama mkononi, wakaisoma pamoja.

Kilichosaidia zaidi ni Bi Mkubwa kusimama jikoni, na hilo sithubutu kulifanya kanuni. Nyumba nyingine wangeona ni kupekuliwa. Lilifaa kwa sababu alianza kwa kukanda na si kwa kukagua, na kwa sababu wanawake wawili wa umri ule waliheshimiana kabla hawajaelewana.

Na kuhusu kubaki badala ya kuhama: nilikuwa na maslahi, sitaficha. Arubuni niliilipa kwa jina langu. Kama Bi Mkubwa angesema neno moja la kutaka kuondoka, ningewahamisha. Hakulisema, lakini pia sikumwuliza moja kwa moja. Nilimwuliza mkwewe na binti yake. Mwenye kujeruhiwa ndiye wa mwisho kuulizwa, na hilo ni kosa ambalo hakuna aliyelilalamikia isipokuwa mimi.

Siku hizi barua yangu ina maswali na haina makatazo. Unga wa vitamu unakandwa kwa mafuta gani? Vinakaangwa kwa mafuta gani? Jibini linagandishwa kwa nini? Supu inaanza na nini sufuriani? Na swali ambalo nisingelijua bila ile Jumamosi: nani anachoma nyama, na ni yeye anayesoma barua hii?

Mwezi uliopita nyumba moja ya upande wa kaskazini ilinijibu yote, mstari kwa mstari. Strutto, lakini wakiambiwa siku mbili kabla watatumia zeituni. Kukaanga, mafuta ya mbegu. Jibini, caglio ya mwanakondoo. Supu, kitunguu na lardo, inaweza kuachwa. Kwenye swali la mwisho waliandika namba ya simu ya mjomba, na kwamba apigiwe baada ya saa mbili usiku, akishamaliza kukamua.